Waya mwekundu mkononi: kisa cha ECG iliyohamisha shambulio la moyo

Kisa hiki cha ECG, kipimo cha umeme wa moyo kinachochapwa kwenye karatasi, kimetungwa kwa ajili ya kufundishia. Mgonjwa si mtu mmoja halisi, lakini kosa lililomo, la kupishanisha nyaya za ECG, ni la kweli, na linaweza kutokea katika gari lolote la wagonjwa lenye mashine iliyotengenezewa soko moja na mhudumu aliyefunzwa kwa mashine ya soko jingine. Vipimo vimepangwa vikubaliane kimahesabu, hivyo msomaji mwenye kalamu anaweza kuvikagua.

Mgonjwa

Mwanaume wa miaka 56, mkazi wa Mbagala, Dar es Salaam. Ana presha ya kupanda na dawa anazimeza kwa kurukaruka. Tangu jioni analalamika kwamba chembe ya moyo inawaka, kichefuchefu hakiishi, na kuna uzito unaopanda hadi kwenye taya. Nyumbani walidhani ni asidi, wakampa vidonge vya kutafuna vya magnesiamu, akavitapika. Alipoanza kutoka jasho la baridi mkewe akaita gari. Wahudumu wawili walifika saa 1:05 usiku.

Walikuta presha 102/64, mapigo 54 kwa dakika, oksijeni 96% bila msaada, pumzi 20, sukari 8.1. Mapafu yalikuwa safi pande zote mbili. Mishipa ya shingo ilikuwa imejaa ingawa mgonjwa ameegemezwa nusu kukaa. Hili la mwisho liliandikwa kwenye fomu, kisha likakaa hapo bila mtu kulifanyia kazi.

Mhudumu wa pili alimpa aspirini ya miligramu 300 ya kutafuna. Oksijeni hawakumwekea, na walikuwa sahihi: mwenye shambulio la moyo hupewa oksijeni ikiwa kipimo kiko chini ya 90%, au kama anapumua kwa shida. Mhudumu wa kwanza alianza kupima ECG.

Karatasi ya kwanza

Ilichapwa saa 1:11 usiku, dakika sita tangu wafike. Kiwango kinachotumika kimataifa ni dakika 10 tangu mhudumu wa kwanza amfikie mgonjwa, kwa hiyo kwa upande wa muda hakuna la kulaumu. Mstari ulikuwa mnene na wenye manyoya, lakini mawimbi yalisomeka. Kasi ya karatasi ilikuwa milimita 25 kwa sekunde na kimo milimita 10 kwa milivolti moja. Kisanduku cha urekebishaji mwanzoni mwa mstari kilikuwa na urefu wa milimita 10 kamili.

Kila lidi ni pembe moja ambayo mashine inautazama moyo: I, II, III, aVR, aVL na aVF hutoka kwenye mikono na miguu, V1 hadi V6 kifuani. ST ni kipande cha mstari ambacho hupanda au kushuka misuli ya moyo ikikosa damu. Vipimo vyake vilikuwa hivi, kwa milimita: lidi I imepanda 2.5, aVL imepanda 2.0, II imepanda 1.0, III imeshuka 1.5, aVR imeshuka 1.75, aVF imeshuka robo milimita tu. Kifuani, V1 ilipanda 1.0, V2 na V3 zikashuka nusu milimita, V4 hadi V6 zilikuwa sawa.

Mashine iliandika juu ya karatasi kwamba kuna shambulio la moyo kwenye ukuta wa pembeni wa juu, mhimili umelalia kushoto, na mapigo yanaanzia chini ya atiria, chumba cha juu cha moyo. Mhudumu alisoma sentensi ya kwanza, akalinganisha na I na aVL, akaona zinakubaliana. Maumivu yalikuwa bado makali, presha iko juu ya 100, na kwenye boksi la dawa kulikuwa na nitrogliserini ya miligramu 0.5 ya kuweka chini ya ulimi. Kidonge kilishatolewa kwenye chupa. Kilichochelewesha ni utaratibu wa kituo chao: kabla ya nitrogliserini, picha ya ECG hutumwa kwa daktari wa zamu na jibu husubiriwa.

Jibu lilikuja kwa simu saa 1:17, na lilihusu P, wimbi dogo la kwanza la kila pigo, linalotoka kwenye atiria.

“Hiyo P kwenye lidi ya pili mbona imepinduka? Na ya tatu, na aVF. Hebu niambie, kwenye nyaya za mikono na miguu una waya wa njano?”

“Hapana, daktari. Nina mwekundu, mweusi, wa kijani na mweupe.”

“Basi usimpe chochote chini ya ulimi. Toa nyaya zote nne, soma herufi, rudia.”

Rangi mbili, mifumo miwili

Duniani kuna mifumo miwili mikubwa ya rangi za nyaya za ECG. Ule wa kimataifa, unaotumika Ulaya na katika mashine nyingi zinazoingia Afrika Mashariki, unaweka mwekundu mkono wa kulia, wa njano mkono wa kushoto, wa kijani mguu wa kushoto, mweusi mguu wa kulia. Wanafunzi hufundishwa kuukumbuka kwa taa za barabarani: nyekundu, njano, kijani, ukianza mkono wa kulia na kuzunguka, mweusi unaobaki ni wa mguu uliobaki. Herufi zake ni R, L, F na N.

Mfumo wa Marekani unaweka mweupe mkono wa kulia, mweusi mkono wa kushoto, mwekundu mguu wa kushoto, wa kijani mguu wa kulia. Herufi zake ni RA, LA, LL na RL. Rangi tatu zipo katika mifumo yote miwili, na hakuna hata moja inayokwenda mahali pamoja.

Mashine ya kawaida ya gari hili ilikuwa kwa fundi. Iliyowekwa badala yake ilikuwa ya Marekani. Mhudumu alifuata taa za barabarani kama alivyofundishwa: mwekundu mkono wa kulia, wa kijani mguu wa kushoto, mweusi mguu wa kulia. Wa njano hakuuona, akabaki na mweupe mkononi na sehemu moja tupu, mkono wa kushoto. Akaubandika hapo. Waya uliobaki na nafasi iliyobaki vilipolingana idadi, akili ikaridhika.

Nyaya za kifua hazikumpa shida, na sababu yake ndiyo inayofanya kosa hili liwe baya. Mifumo yote miwili inaanza kifuani na nyekundu, njano, kijani, na inaishia na zambarau. Zinazotofautiana ni ya nne na ya tano: kahawia na nyeusi kwa mfumo wa kimataifa, buluu na chungwa kwa ule wa Marekani. Namba zimeandikwa kwenye kila kichwa cha waya. Kifua kilikuwa sahihi kabisa, na sehemu kubwa ya karatasi iliyo sahihi huipa sehemu iliyobaki heshima isiyostahili.

Swali la daktari ndilo kipimo cha haraka kuliko vyote: kama kati ya nyaya nne za mikono na miguu hakuna wa njano, uko kwenye mfumo wa Marekani. Halichukui hata sekunde tano. Bora zaidi ni kuacha kuangalia rangi na kusoma herufi, ila katika chumba chenye taa hafifu, mgonjwa akitapika, jicho hukimbilia rangi kabla ya herufi. Ndiyo maana vituo vingine hufunga utepe mweupe kwenye kila waya na kuandika kwa kalamu isiyofutika “mkono kulia”, “mguu kushoto”. Si kazi ya kupendeza macho, lakini inasaidia.

Karatasi yenyewe ilikuwa na dalili nyingine mbili za asili ya mashine. Saa iliyochapwa ilikuwa 12:11, yaani 19:11 yetu ikipungua saa saba. Hakuna aliyeirekebisha tangu ifike. Na ule mnene wa mstari ulitokana na kichujio cha umeme kilichoachwa kwenye hezi 60 za Marekani, wakati umeme wa Tanzania ni hezi 50. Kichujio cha 60 hakiondoi mngurumo wa 50. Mashine ilikuwa imechomekwa kwenye soketi ya ukutani kuokoa betri, feni ikizunguka karibu na kichwa cha mgonjwa. Ukichomoa chaja na kuzima feni, mstari husafika kwa kiasi kikubwa hata kabla ya kugusa mipangilio.

Umeme ulikwenda wapi

Lidi hupatikana kwa kutoa: lidi I ni mkono wa kushoto kutoa mkono wa kulia, II ni mguu kutoa mkono wa kulia, III ni mguu kutoa mkono wa kushoto. Mashine haijui kibandiko kimewekwa wapi. Inajua tu waya gani unatolewa kwa upi.

Katika kisa hiki waya wa RA ulikuwa mkono wa kushoto, LA mguu wa kulia, LL mkono wa kulia, na RL, ambao ni wa kutuliza umeme tu, mguu wa kushoto. Miguu yote miwili husoma umeme unaokaribia kulingana, kwa hiyo LA ilikuwa inasoma mguu kana kwamba ni mkono. Ukifanya hesabu unapata hivi:

Iliyochapwa I ni III ya kweli.
Iliyochapwa II ni I ya kweli, imepinduliwa juu chini.
Iliyochapwa III ni II ya kweli, imepinduliwa.
Iliyochapwa aVR ni aVL ya kweli.
Iliyochapwa aVL ni aVF ya kweli.
Iliyochapwa aVF ni aVR ya kweli.

Rudisha kila namba mahali pake. III ya kweli imepanda 2.5, aVF imepanda 2.0, II imepanda 1.5. I imeshuka 1.0 na aVL imeshuka 1.75. Hili ni shambulio la ukuta wa chini wa moyo, wazi kabisa, na kushuka kwa aVL ndiko kunakotarajiwa upande wa pili. Nyaya hazikuuficha ugonjwa. Ziliuhamisha kutoka chini kwenda pembeni, na zikaupeleka ukiwa kamili na kivuli chake, kwani kushuka kwa III kulionekana kama ushahidi wa upande wa pili wa shambulio la pembeni.

Lidi za kifua hazikuguswa, kwa sababu nukta ya sifuri ambayo mashine inaitumia kwa V1 hadi V6 ni wastani wa RA, LA na LL. Hapa waya hizo tatu zilipeana nafasi za mkono, mkono na mguu; wastani wa vitu vitatu haubadiliki ukivipanga upya. Kama waya wa RL ungebadilishana na wa mkono, nukta hiyo nayo ingesogea na V zingepotoka kidogo.

Kuna wanaoamini kwamba kanuni ya Einthoven, kwamba I jumlisha III ni sawa na II, itafichua nyaya zilizopishana. Haifichui. Kwenye karatasi ile mbovu, 2.5 kutoa 1.5 ni 1.0, sawasawa na II iliyochapwa. Mashine nyingi hupima lidi mbili za viungo na kuzikokotoa zilizobaki, kwa hiyo hesabu itatoka sawa hata ukibandika waya kwenye mguu wa kitanda.

Nini kingeonekana bila simu

P ndiyo ya kwanza kuangaliwa. Mapigo ya kawaida huanzia juu ya atiria ya kulia na kushuka kuelekea kushoto chini, hivyo P lazima isimame kwenye II na ipinduke kwenye aVR. Hapa P ilipinduka kwenye II, III na aVF, na kwenye aVR ilikuwa bapa. Mashine ilitafuta maelezo ya kimoyo na kusema mapigo yanaanzia chini ya atiria. Maelezo hayo yanawezekana, na kwenye shambulio la ukuta wa chini mapigo kweli huweza kuhama. Lakini yakianzia chini kabisa, kwenye makutano ya atiria na ventrikali (chumba cha chini cha moyo), huja na PR fupi, yaani muda kutoka P hadi ventrikali kuanza kuwa chini ya sekunde 0.12; ya mgonjwa huyu ilikuwa 0.20. Na P za V5 na V6 zilikuwa zimesimama vizuri, bila dalili yoyote ya kuanzia mahali pageni.

Pili, ugonjwa wenyewe haukukaa vizuri. Shambulio la pembeni juu hushusha III na aVF pamoja. Hapa III imeshuka 1.5 lakini aVF karibu haijasogea, huku II, jirani yao, ikipanda. Ukuta wa moyo hauumii kwa mpangilio huo.

Tatu, V1. Lidi hii haikuathirika na nyaya, nayo ilikuwa imepanda milimita 1 wakati V2 imeshuka. V1 inakaa juu ya ventrikali ya kulia. Kupanda kwake peke yake, pamoja na mishipa ya shingo iliyojaa, mapafu safi na presha inayoelekea chini, kunasema ventrikali ya kulia imeumia. Hayo manne yalikuwa mezani saa 1:11. Yalishindwa na sentensi moja iliyochapwa na mashine juu ya karatasi.

Mpishano mwingine wa nyaya una sura zake. Mikono ikipishana, I yote inapinduka na aVR inasimama. V zikiwa za kawaida ni nyaya, V zikipungua kuelekea V6 fikiria moyo ulioko kulia. Mkono wa kulia ukipishana na mguu wa kulia, II inakuwa karibu mstari mnyoofu, na mtu asiyejua hudhani kibandiko kimetoka. Miguu ikipishana yenyewe kwa yenyewe huoni kitu, wala haina madhara. Unaosumbua wataalamu ni mkono wa kushoto na mguu wa kushoto: I na II zinabadilishana, III inapinduka, na alama pekee mara nyingi ni P ya I kuwa kubwa kuliko ya II. Programu za mashine hugundua vizuri zaidi mikono iliyopishana. Mzunguko wa nyaya zote nne kama wa kisa hiki usitegemee mashine ikuambie.

Karatasi ya pili, na V4R

Kurudia kulichukua dakika nne, na muda mwingi ulikwenda kwenye ngozi. Jasho lilikuwa limelegeza vibandiko viwili. Mhudumu alimkausha mgonjwa mikono na miguu kwa shashi kavu, akasugua kidogo mpaka ngozi ikabadilika rangi, akafungua pakiti mpya. Pakiti iliyofunguliwa siku kadhaa ndani ya gari kwenye joto la Dar hukauka jeli yake. Ukibonyeza katikati na hakuna unyevu, tupa. Nywele za kifua zikizuia kibandiko zinyolewe, usizisukume pembeni.

Vibandiko vya viungo viliwekwa kwenye viungo: juu kidogo ya vifundo vya mikono na miguu. Wengi huviweka mabegani na kwenye nyonga kwa sababu nguo zinasumbua. Hilo hupunguza mtetemo, lakini linasogeza mhimili na linaweza kuficha mawimbi ya Q, alama za misuli iliyokufa, ya ukuta wa chini, ukuta uleule tunaoutafuta hapa. Ukilazimika kufanya hivyo, andika kwenye karatasi, maana hospitali italinganisha na ya kwao.

Kifuani alianza upya pia. Kidole hushuka kwenye mfupa wa kidari mpaka kwenye tuta lake, hapo pembeni ni ubavu wa pili; chini yake nafasi ya pili, ya tatu, ya nne. V1 kulia na V2 kushoto mwa mfupa, nafasi ya nne. V4 nafasi ya tano kwenye mstari unaoshuka kutoka katikati ya mtulinga, kisha V3 kati ya V2 na V4. V5 na V6 hufuata usawa wa V4, mbele ya kwapa na katikati ya kwapa, hazipandi kufuata ubavu. Kosa la kawaida kuliko yote kifuani ni V1 na V2 kupanda hadi nafasi ya pili au ya tatu, kwa sababu mhudumu anahesabu kwa macho. Kwa mgonjwa mwanamke V4 hukaa chini ya ziwa, na kanga moja ya kufunika kifua huondoa papara na aibu inayosababisha vibandiko kuwekwa juu.

Kichujio kiliwekwa hezi 50 na mashine ikabadilishwa kutoka hali ya kufuatilia kwenda hali ya uchunguzi. Hali ya kufuatilia hukata mawimbi ya chini ya hezi 0.5 ili mstari usiyumbe, na kwa kufanya hivyo huweza kuipotosha ST. Ya uchunguzi huanzia 0.05. Mashine ikichapa “0.5–40” pembeni mwa karatasi, usipime ST juu yake.

“Mzee, tulia hivyohivyo, usiongee kidogo tu.” Sekunde 10. Saa 1:21 karatasi ya pili ilitoka: P imesimama kwenye II, imepinduka kwenye aVR, ST zimepanda II, III na aVF, III zaidi ya II. III ikizidi II, mshipa ulioziba mara nyingi ni wa kulia, na ukiziba juu karibu na chanzo chake unaikosesha ventrikali ya kulia damu.

Ikafuata V4R. Waya wa V4 ulihamishwa kwenda nafasi ya tano upande wa kulia, chini ya katikati ya mtulinga, karatasi ikachapwa, na V4 ikakatwa kwa kalamu na kuandikwa V4R. Isipoandikwa hivyo, mtu wa tatu ataisoma kama V4 ya kawaida. Kupanda kwa nusu milimita kunatosha; kwa wanaume chini ya miaka 30 kiwango ni milimita 1. Hapa ilikuwa 1.5. Alama hii haidumu, kwa nusu ya wagonjwa hupotea ndani ya saa 10 hivi, kwa hiyo mhudumu wa gari ana nafasi ya kuiona ambayo wodi haitakuwa nayo.

V7 hadi V9 za mgongoni hazikuchukuliwa. Kushuka kwa nusu milimita kwenye V2 na V3 kungeweza kuzihalalisha, ila jibu lisingebadilisha dawa wala hospitali.

Kidonge cha chini ya ulimi

Ventrikali ya kulia iliyoumia husukuma damu kwa kutegemea wingi wa damu inayorudi. Nitrogliserini hulegeza mishipa na kuupunguza wingi huo, na presha ya 102 inaweza kuanguka ndani ya dakika chache. Ndiyo sababu miongozo mingi huikataza pale ventrikali ya kulia inaposhukiwa.

Lazima isemwe kwamba jambo hili lina mjadala. Uchambuzi wa miaka ya karibuni wa tafiti za huduma za kabla ya hospitali haukuonyesha wazi kwamba wagonjwa wa ukuta wa chini huangukiwa na presha kwa nitrogliserini zaidi ya wengine. Lakini dawa hii hupunguza maumivu tu. Haifungui mshipa wala haijathibitika kuokoa maisha katika shambulio la namna hii. Kwa mtu mwenye presha 102, mapigo 54, shingo iliyojaa na V4R iliyopanda, faida ni ndogo na hasara ni ya kumfikisha hospitali akiwa hana fahamu. Kidonge kilirudi kwenye boksi.

Kuna swali jingine ambalo lingeulizwa mapema na halikuulizwa: dawa za nguvu za kiume. Sildenafili ndani ya saa 24, au tadalafili ndani ya saa 48, inazuia nitrogliserini kwa mgonjwa yeyote. Swali hili huulizwa mgonjwa akiwa peke yake. Akiulizwa mbele ya mkewe na majirani waliojaa mlangoni, jibu huwa “hapana” hata kama ni ndiyo.

Badala ya nitrogliserini alipewa dripu ya chumvi 0.9%, mililita 250 kwa dakika 15, mapafu yakisikilizwa kabla na baada. Presha ilipanda hadi 112/70. Haikuongezwa nyingine: ventrikali ya kulia ikijazwa kupita kiasi huisukuma ya kushoto na kuipunguzia nafasi. Atropini, dawa ya kuongeza mapigo, iliandaliwa lakini haikutumika, kwa kuwa mapigo 54 yenye presha inayotosha na fahamu kamili hayatibiwi kwa sababu tu namba ni ndogo. Klopidogreli, dawa ya kuzuia damu kuganda, miligramu 600 ilitolewa kwa agizo la daktari.

Barabarani

Gari liliondoka saa 1:31 kuelekea Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Upanga, ambako kuna maabara ya katheta, ya kuzibua mishipa ya moyo kwa mrija mwembamba. Uamuzi wa kwenda moja kwa moja unategemea saa: kama waya wa kuzibua mshipa unaweza kupita ndani ya dakika 120 tangu ECG isomwe kuwa shambulio, nenda, kama haiwezekani, dawa ya kuyeyusha donge itolewe ndani ya dakika 10 za uamuzi huo, kwa asiye na kizuizi cha kutokwa damu. Kutoka Mbagala usiku, Kilwa Road ikiwa inapitika, dakika 120 zinatosha. Mgonjwa huyohuyo akiwa wilaya ya mbali hesabu inageuka, na karatasi iliyosomwa vibaya inakula dakika ambazo hazipo.

Pedi za kushtua moyo zilibandikwa kabla ya safari. ECG zaidi zilichukuliwa gari likiwa limesimama pembeni na injini ikizimwa, kwani mtetemo wa injini pekee hutosha kuchafua mstari. PR ilirefuka kutoka 0.20 hadi 0.24. Kwenye shambulio la ukuta wa chini hilo hutarajiwa, maana mshipa wa kulia kwa watu wengi ndio unaolisha makutano ya atiria na ventrikali, nalo ni onyo la kuweka atropini karibu. Halikuendelea zaidi.

Picha iliyotumwa hospitalini ilikuwa ya karatasi ya pili na V4R: karatasi imelazwa juu ya kitu kigumu, simu ikiwa juu yake moja kwa moja, kisanduku cha urekebishaji na kasi vikionekana, jina la mgonjwa limefunikwa kwa kidole na saa sahihi imeandikwa kwa kalamu. Picha ya kwanza, ile ya saa 1:14, ilikuwa imekatwa pembeni na haikuwa na kisanduku. Kwa bahati nzuri ilikuwa na lidi II.

Walifika saa 2:14. Mshipa wa kulia ulikutwa umeziba karibu na chanzo, juu ya tawi la ventrikali ya kulia. Waya ulipita saa 2:47, dakika 96 tangu karatasi ya kwanza na 86 tangu ya pili. Stenti moja, kimirija cha kuuweka mshipa wazi, iliwekwa.

Karatasi ya kwanza haikutupwa. Ilipigwa mstari mmoja wa mshazari, ikaandikwa “nyaya za viungo zimepishana, angalia ya 19:21”, ikasainiwa na kukabidhiwa pamoja na nyingine. Ikiingia kwenye faili bila maandishi hayo, atakayeifungua miezi sita baadaye ataona shambulio la pembeni lililokuja kabla ya la chini, na kutafuta mshipa wa pili ulioziba ambao haupo. Mashine ilirudi stoo mpaka nyaya zake zilipofungwa utepe, saa ikarekebishwa na kichujio kikabaki hezi 50.